CPU haijaungua, fundi. Nionyeshe namba

Wiki hii nilikuwa nimeahidi kumalizia ile habari ya nakala za akiba. Itangoja. Jumamosi nilikuwa Machakos kwa shangazi yangu, na nimerudi Nairobi na hasira ambazo sijui nizipeleke wapi, basi nazimwaga hapa. Wale mnaokuja kusoma mambo ya programu peke yake mnisamehe, ingawa mkivumilia mtaona kwamba na sisi tumo.

Shangazi ana kibanda cha kupiga chapa na kutoa fotokopi karibu na steji. Kompyuta moja ya mezani, printa moja, mashine moja ya fotokopi, basi. Kompyuta yenyewe ni mtumba, imeunganishwa hapa Nairobi kutoka kwa vipande vya mashine tofauti, na prosesa yake ni i5 ya kizazi cha nne. Kwa kazi ile ni mashine nzuri tu. Miezi miwili iliyopita ikaanza kujizima. Anawasha asubuhi, anapiga chapa dakika ishirini, siku nyingine tano, mara skrini inakuwa nyeusi. Anakunywa chai, anawasha tena, inawaka kana kwamba hakuna lililotokea.

Fundi wa kwanza alisema ni virusi. Akafomati, akachukua shilingi 1,500. Pamoja na hivyo virusi, ambavyo hakuna aliyeviona, zikaenda faili zote: mitihani ya shule mbili za msingi, mikataba ya mashamba, programu za mazishi za nusu ya mtaa. Kompyuta ikaendelea kujizima vilevile, sasa ikiwa tupu.

Fundi wa pili alifungua kifuniko, akaweka vidole kwenye hitisinki, lile pande la alumini lenye mapezi linalokaa juu ya prosesa, akavitoa haraka kama mtu aliyegusa sufuria. Akasema, "Mama, CPU imeungua. Tuweke CPU na madabodi nyingine, elfu tisa na mia tano. Wewe nitakufanyia tisa." Shangazi akaenda kuomba mkopo kwenye chama. Ni mweka hazina wa chama aliyemuuliza kama hana kijana Nairobi anayejua mambo haya. Ndipo simu ikaja: "Wewe si ndiye tulikusomesha hii kompyuta?"

Jibu langu la kawaida kwa simu kama hiyo huwa ni kwamba mimi naandika programu, sifungui masanduku. Ni jibu la kujikweza na nimelitumia miaka mingi. Safari hii niliona haya, kwa sababu karo yangu ya chuo ilitoka kwa sehemu kwenye kibanda hichohicho.

Kazi yote ilichukua dakika arobaini. Kabla sijagusa kitu niliweka HWMonitor, programu ndogo ya bure ya kusoma joto. Kompyuta ikiwa haifanyi lolote, prosesa ilikuwa nyuzi 74. Nikafungua Word na kurasa tatu za intaneti: ndani ya sekunde nne namba ikaruka hadi 100 na kusimama hapo, na mwendo wa prosesa ukashuka kutoka gigahezi 3.2 hadi 0.8. Nikazima, nikachomoa waya wa stima, nikafungua. Hitisinki hiyo ni ile ya pini nne za plastiki ambayo Intel imekuwa ikiisambaza tangu soketi ya LGA775 ya mwaka 2004. Pini mbili za upande mmoja zilikuwa zimetoka kwenye matundu yake. Hitisinki ilikuwa imeinuka kama boneti ya gari iliyoachwa wazi. Chini yake pesti ilikuwa imekauka ikawa unga, na kati ya feni na mapezi kulikuwa na blanketi la vumbi.

Nikasafisha, nikapaka pesti mpya ya shilingi 250, nikabonyeza pini mpaka zikalia. Nikaiwasha na kuilazimisha ifanye kazi nzito nusu saa nzima. Ikitulia 38. Ikifanya kazi 63. Haijajizima tangu siku hiyo.

Sasa hasira yangu. Ni hivi: prosesa iliyoungua haiwaki tena baada ya kikombe cha chai. Fikiria hilo dakika moja tu, huhitaji shahada. Kitu kilichoungua hakipoi kikafufuka. Mashine inayojizima, ikapoa, ikawaka, ni mashine ambayo prosesa yake ni nzima na inajilinda, na fundi yeyote anayemwambia mteja "imeungua" huku skrini inawaka mbele ya macho yao wote wawili, ama hajui kazi ama anajua sana.

Kuna wakati maneno hayo yangekuwa na ukweli. Septemba 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilitoa video ambayo sisi tuliokuwa tunapenda mambo haya tuliipakua kwa taabu kubwa. Waling'oa hitisinki huku kompyuta zikifanya kazi. Pentium 4 ilipunguza mwendo ikaendelea. Pentium III iliganda, lakini ilipopozwa ikawa nzima. Athlon za AMD za wakati huo zilitoa moshi, zikafa palepale. Kwa hiyo ndiyo, mwaka 2001 ungeweza kuunguza prosesa kwa sekunde chache. Aibu hiyo ilifundisha tasnia nzima, na Athlon 64 ilipotoka mwaka 2003 ilikuwa na kinga yake ya kuzima. Kwa zaidi ya miaka ishirini sasa, prosesa za mezani unazozikuta madukani zina ngazi mbili za kujihami: zikifikia kikomo zinapunguza mwendo, na joto likizidi kupanda licha ya hapo zinakata stima. Kile ambacho shangazi aliuziwa kama kifo kilikuwa ni kinga ikifanya kazi yake. Ni kama kung'oa meta kwa sababu fyuzi imekatika.

Na kuna tatizo la lugha hapa ambalo naona linawasaidia sana wauzaji. Kenya nzima sanduku lote tunaliita CPU. "Leta CPU," fundi anasema, na wewe unabeba sanduku. Lakini CPU ni kile kipande kimoja tu ndani yake, kinachotoshea kwenye kiganja cha mtoto. Kwa hiyo mteja akisikia "CPU imeungua" anaelewa kwamba sanduku lote limekwisha, na hauliz zaidi. Walimu wetu wa shule waliandika hivyo ubaoni, sisi tukanakili. Mimi nasema prosesa, na sanduku naliita sanduku.

Tuongee kuhusu joto lenyewe, maana ukielewa linavyosafiri hutadanganyika. Prosesa kama ile ya shangazi imekadiriwa wati 84. Hizo wati karibu zote zinageuka joto. Balbu ya zamani ya wati 100 ilikuwa inaunguza vidole, na ile ilikuwa na kioo kizima cha kutolea joto. Hapa joto linatoka kwenye kipande cha silikoni chenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Linapanda kwenye kifuniko cha chuma, linavuka pesti, linaingia kwenye hitisinki, feni inalipuliza, hewa inalitoa nje ya sanduku. Ukikata mnyororo huo mahali popote, namba inapanda.

Na mahali pa kwanza pa kukatika ni pale pesti ilipo. Alumini hupitisha joto kwa kipimo cha zaidi ya 200, pesti nzuri ni vipimo vichache tu chini ya kumi, lakini hewa ni kama 0.026. Soma tena: 0.026. Hewa ni blanketi. Nafasi nyembamba kama unywele, ikijaa hewa badala ya pesti, inatosha kufanya hitisinki ya bei kubwa kuwa pambo. Ndiyo maana pini mbili za plastiki zilizoachia ziliweza kuiangusha mashine nzima. Fundi wa pili alihisi joto kwa vidole akahukumu. Lakini hitisinki ya moto ni dalili nusu nzuri, maana yake joto linaifikia. Prosesa ikiwa 100 na hitisinki ni vuguvugu, hapo ndipo ujue daraja limevunjika kati yao. Vidole havina namba, kwa hiyo vilimpa jibu alilokuwa anataka tangu mwanzo.

Namba ziko wapi? Kwenye Windows usizitafute katika Task Manager, itakuonyesha asilimia ya kazi lakini si joto la prosesa, jambo ambalo mimi kama mwandishi wa programu naliona ni uvivu wa ajabu kwa mfumo mkubwa namna ile. Weka HWMonitor, au Core Temp, au HWiNFO, zote ni za bure. Kwenye Linux weka lm-sensors kisha andika amri ya sensors. Kama prosesa ni ya Intel, soma pia faili hii: /sys/devices/system/cpu/cpu0/thermal_throttle/core_throttle_count. Ile namba ni idadi ya mara ambazo kiini hicho kimelazimika kupunguza mwendo kwa sababu ya joto tangu mashine iwashwe. Ikiwa sifuri, acha kulaumu joto. Ikiwa elfu kadhaa, umepata mwizi wako. BIOS nayo inaonyesha joto, ila ukiwa ndani ya BIOS prosesa hailali vizuri, kwa hiyo namba ya pale huwa juu kidogo kuliko ya mashine iliyotulia ndani ya Windows. Usiogope 50 ya kwenye BIOS.

Namba ipi ni mbaya? Inategemea prosesa, na ndiyo maana "inachemka" si jibu. Intel nyingi za mezani za miaka hii kikomo chake ni 100. Ryzen za mfululizo wa 5000 nyingi ni 90, na zile za 7000 zimeundwa zifike 95 zikipewa kazi nzito, AMD wenyewe walisema hivyo mwaka 2022. Kwa hiyo 95 kwenye mashine mpya ya mchezaji wa gemu inaweza kuwa hali ya kawaida, na 74 kwenye mashine ya shangazi ikiwa imetulia ni ugonjwa mkubwa.

Ila kinachosema mengi kuliko namba yenyewe ni jinsi inavyopanda. Hili sioni mafundi wakilitumia na ni bure kabisa. Ipe prosesa kazi nzito ghafla na utazame. Ikiruka kutoka 45 hadi 95 ndani ya sekunde chache, tatizo liko karibu: pesti, pini, hitisinki iliyokaa vibaya. Ikipanda polepole, robo saa, dakika ishirini, basi joto linavuka daraja vizuri lakini halina pa kwenda: vumbi, feni iliyochoka, sanduku lililosukumwa ukutani. Kisha fungua kifuniko cha pembeni kwa muda uone. Namba ikishuka sana, hewa ya ndani ya sanduku ndiyo shida. Isiposhuka, rudi kwenye hitisinki. Mtihani huo mdogo ungeokoa shilingi 1,500 na mitihani ya shule mbili.

Nasema kifuniko kifunguliwe kwa muda. Kuna ofisi hapa Nairobi nimeingia nikakuta sanduku halina kifuniko mwaka mzima, feni ya mezani inalipuliza kutoka pembeni, na watu wanaliona hilo kuwa ni matengenezo! Ile feni inasukuma vumbi la barabarani moja kwa moja kwenye mapezi. Masanduku mengi yametengenezwa hewa iingie mbele itokee nyuma kwa njia maalum. Ukitoa upande mmoja umevunja njia hiyo.

Na kama mashine inajizima huku namba ni 50? Basi si joto, na mimi nitakuwa wa kwanza kusema hivyo. Tazama pawasaplai, tazama waya wa ukutani, tazama stima yenyewe, maana tunajua tunakoishi. Windows itaandika tukio namba 41 la Kernel-Power kwenye Event Viewer, na nimeona fundi akimwonyesha mteja tukio hilo kama ushahidi wa kuungua. Tukio 41 linasema tu kwamba mashine ilizimika bila kuagwa. Stima ikipotea mtaa mzima, litaandikwa vilevile. Linalokaribia ukweli zaidi ni tukio 37 la Kernel-Processor-Power, ambalo husema mwendo wa prosesa umepunguzwa na mfumo wa chini, lakini hata hilo peke yake halitoshi. Namba ya joto ndiyo mwamuzi.

Jambo lingine linaloniudhi kuliko yote. Nimekuta mashine ambazo zikiwashwa zilikuwa zinatoa onyo la feni ya prosesa na kumtaka mtu abonyeze F1. Fundi akaingia BIOS, akaweka usimamizi wa feni hiyo kuwa wa kupuuzwa, onyo likapotea, akalipwa. Akalipwa kwa kuzima king'ora! Feni ilikuwa imekufa, au waya wake ulikuwa umechomekwa penginepo, na sasa hakuna wa kumwambia mwenye mashine. Ukinunua mtumba, ingia BIOS uone kama kuna kitu kimewekwa kupuuzwa. Kisha fungua uone feni ikizunguka kwa macho yako.

Kwa wale watakaofanya wenyewe, mambo machache ambayo nimeona yakiharibu kazi. Ukipuliza vumbi kwa kompresa ya gereji, shikilia feni kwa kidole isizunguke, na puliza nje kwanza maana tangi la kompresa huwa na maji. Kufuta pesti ya zamani tumia spiriti ya aisopropili. Spiriti nyingine za hospitali zimechanganywa na mafuta, soma chupa. Pesti mpya ni tone la ukubwa wa punje ya dengu, si siagi ya mkate. Dawa ya meno, ambayo kila mwaka kuna mtu huniambia kwamba inafanya kazi, kweli inafanya kazi siku chache, halafu inakauka na umerudi ulikotoka. Pini za plastiki zina mshale juu, unaonyesha upande wa kulegeza. Zirudishe kinyume chake, bonyeza za pembe zinazokabiliana kwanza, sikiliza zikilia, kisha vuta hitisinki kidogo uhakikishe haichezi. Na kwa AMD za soketi ya AM4 na zilizotangulia, zile ambazo miguu iko kwenye prosesa, usivute hitisinki juu kwa nguvu. Washa mashine ipate moto kidogo ili pesti ilainike, zima, chomoa, kisha zungusha hitisinki kulia na kushoto mpaka iachie. Ukivuta, prosesa inang'oka nayo kutoka kwenye soketi, miguu inapinda, na hapo ndipo yule fundi wa elfu tisa atakuwa na haki.

Sitaki mtu anielewe vibaya kwamba joto halina madhara. Linaua, ila linaanza na majirani. Kapasita zilizo kandokando ya prosesa, vile vikopo vidogo, huzeeka haraka kwenye joto. Wahandisi hukadiria kwamba kila nyuzi kumi zikiongezeka maisha yake hupungua kwa nusu. Ukiona vikopo vimevimba kichwani, madabodi inaugua kweli. Kwa hiyo usiiache mashine kwenye 95 miaka miwili kwa sababu eti inajilinda.

Mahali nako kunachangia. Chumba kikipanda nyuzi moja, prosesa nayo inapanda kama hiyo moja. Mombasa yenye nyuzi 32 ndani ya duka huanzia juu kuliko Nairobi yenye 22, na hakuna pesti itakayobadilisha hilo. Lakini Nairobi tusijisifu: kwenye mita kama 1,700 juu ya bahari hewa yetu ni nyepesi kwa kama asilimia 15, na feni ileile inayozunguka kasi ileile inabeba joto kidogo kuliko Pwani. Machapisho mengi ya mambo haya yanaandikiwa watu walio usawa wa bahari, wenye kiyoyozi, wanaobishana kuhusu kupoza kwa maji na taa za rangi. Nimesoma mengi na hakuna hata moja lililotaja barabara ya vumbi.

Sasa sisi. Nilisema tumo. Fundi akisafisha kila kitu na prosesa bado inafanya kazi asilimia 100 mteja akiwa amekaa tu, hiyo ni kazi ya mikono yetu. Nimeandika mwenyewe, na sijivunii, programu ya dukani iliyokuwa inauliza printa "uko tayari?" ndani ya mzunguko usio na pumziko hata la milisekunde moja. Ilikula kiini kizima siku nzima, miezi mitatu, kabla mteja hajalalamika kwamba feni inapiga kelele. Mstari mmoja wa kulala ulimaliza tatizo. Kati ya Septemba 2017 na Machi 2019 kulikuwa na Coinhive, kodi iliyowekwa kwenye tovuti ili kivinjari cha msomaji kichimbe sarafu ya Monero bila yeye kujua. Watu walisafisha vumbi ambalo halikuwa na kosa. Coinhive ilifungwa lakini wachimbaji hawakuisha, na njia yao moja kubwa ni zile programu za wizi za kuamsha Windows na Office. Ambazo nani huziweka? Fundi wa kufomati. Kwa hiyo ndiyo, inawezekana kabisa kulipa shilingi 1,500 ili mashine ipate joto zaidi kuliko ilivyokuja. Kabla ya kushika bisibisi, panga Task Manager kwa matumizi ya prosesa uone nani yuko juu.

Najua jibu la mafundi, nimelisikia na halina makosa yote. Kodi ya meza kule Luthuli Avenue hailipwi kwa pesti ya shilingi 250. Mteja akiambiwa "nimebonyeza pini, nipe mia tano" anapiga kelele kwamba ameibiwa, lakini akiuziwa madabodi ya elfu tisa anaondoka ameridhika kwa sababu amebeba kitu. Tumewafundisha wenyewe. Tunalipia vyuma na tunakataa kulipia akili, halafu tunashangaa kwamba kila ugonjwa unatibiwa kwa vyuma. Tangu Windows 10 iachwe na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025 imekuwa mbaya zaidi, maana sasa kuna sababu ya kweli ya kumwambia mtu mashine yake imezeeka: i5 ya kizazi cha nne haimo katika orodha ya Windows 11. Lakini hilo ni suala la programu, na lina majibu yake, Linux ikiwa mojawapo. Lisichanganywe na joto ili kuuza sanduku.

Ninachotaka ni kidogo sana. Kabla ya kazi, joto la prosesa ikiwa imetulia na ikiwa kazini, liandikwe kwenye risiti. Baada ya kazi, vilevile. Namba mbili, kisha mbili. Fundi asiyeweza kuziandika asilipwe, na anayeziandika alipwe vizuri, hata kama alichofanya ni kubonyeza pini. Shilingi 500 kwa uchunguzi tu, iwe mashine imepona au la. Ukiona ni nyingi, ifananishe na elfu tisa.

Jumamosi jioni nilipita kwa yule fundi wa pili, meza yake iko hatua chache kutoka kwa shangazi. Sikwenda kugombana, ingawa nilikuwa nimejiandaa. Nikamwonyesha picha za skrini kwenye simu, ile ya 100 na ile ya 63. Akazitazama muda mrefu. Akasema alifikiri kweli imeungua kwa sababu ilikuwa moto sana, na kwamba hakuwahi kuwa na programu ya kupima, yeye aliachiwa meza na kaka yake na alijifunza kwa kuangalia. Ana miaka ishirini na mbili hivi. Akaniomba jina la programu, akaliandika nyuma ya kitabu cha risiti. Akauliza akimpimia mtu amtoze ngapi, mia mbili? Nikamwambia mia tano. Akacheka, akasema hapa Machakos hakuna atakayelipa. Shangazi, aliyekuwa amesimama nyuma yangu muda wote huo, akafungua mkoba.